Barua ya wazi kwa Makamishna wa Kaunti ya Chase, Kansas: tunaomba benchi chini ya saa yenu

Waheshimiwa Makamishna,

Hodi.

Naanza hivyo kwa sababu kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake bila kubisha, na nyumba ninayotaka kuizungumzia ni yenu. Mimi ni mkalimani. Nilizaliwa Tanga, naishi Wichita, na kazi yangu ni kuwa mdomo wa watu wanaosema Kiswahili hospitalini, shuleni na mbele ya maofisa. Wengi wao ni Wakongo waliopokewa hapa kama wakimbizi. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nitamkabidhi karani wenu. Hii ya Kiswahili naiacha wazi, kwa kuwa ninaowasemea wana haki ya kujua nimesema nini. Mkalimani akianza kusema yale ambayo mwenye maneno hayaelewi, huyo si mkalimani tena.

Ombi langu ni dogo na nalitaja mapema msije mkadhani nawazungusha. Naomba ghorofa ya chini ya jumba la mahakama la Cottonwood Falls itengewe mahali pa kukaa, pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, Kifaransa na Kihispania, kwa ajili ya familia zinazokuja mjini kwenu kumtafuta mtu wao anayeshikiliwa katika jela ya kaunti kwa niaba ya idara ya uhamiaji, ICE. Yanayofuata ni sababu zangu.

Mara ya kwanza nilifika kwenu Aprili, nikiwa na mama mmoja kutoka Uvira, Kongo. Mwanawe alikuwa jela kwenu. Sababu za kesi yake si za barua hii, na sitawalalamikia kwa lolote lililotokea siku ile, kwa maana hakuna aliyetukosea. Tulitoka Wichita alfajiri, tukashika barabara ya kulipia hadi Cassoday, kisha tukaingia njia ya 177 kuelekea kaskazini. Hapo ndipo mama alipokaa wima kwenye kiti. Vilima vilikuwa vyeusi pande zote mbili za barabara, vimeungua hadi upeo wa macho, na mahali pengine moshi bado ulikuwa unapanda.

“Nani amechoma?” aliniuliza. Yeye ameona vijiji vikichomwa. Nikamweleza kwamba ni wenye malisho wenyewe, kwamba kila mwaka majira haya huchoma nyasi kavu ili vichaka visitawale na majani mabichi yaote kwa ajili ya ng'ombe. Alinyamaza kidogo, halafu akacheka. “Aa, ni ya ng'ombe. Hata kwetu, wachungaji wa juu mlimani wanachoma.” Tangu hapo akaanza kuitazama nchi yenu kama mtu anayeijua, akiniuliza ng'ombe ni wa nani, wanakunywa wapi, na kwa nini hakuna mtu shambani.

Majibu niliyompa nimeyapata kwa kusoma, kwa hiyo mtanisahihisha. Hakuna shamba kwa sababu jembe lilishindwa. Flint Hills, kama vinavyoitwa vilima hivi vyenu, ni vilima vya gumegume kwelikweli: udongo ni mwembamba, na chini yake kuna chokaa yenye vipande vya jiwe gumu kama chuma. Mbuga za nyasi ndefu zilizowahi kufunika katikati ya Marekani zimelimwa zote kasoro kama asilimia 4, na sehemu kubwa ya hicho kilichosalia iko hapa kwenu na kwa majirani zenu. Ndiyo maana mwaka 1996 serikali ya Washington iliweka katika kaunti yenu hifadhi ya taifa ya nyasi hizo, karibu ekari 11,000, na tangu 2009 baisani, nyati wa Amerika, wamerudishwa humo. Ng'ombe nao wengi si wenyeji. Huletwa kwa malori kutoka majimbo mengine majira ya kuchipua, hunenepa, na wengi huondoka kabla kiangazi hakijaisha. Hata barabara ile ya kulipia ina mchepuko karibu na Bazaar uliowekwa kwa ajili ya mazizi ya ng'ombe tu, magari ya watu hayashuki hapo. (Mtu wa pwani akisikia jina Bazaar hutazamia vibanda, viungo na kelele za bei. Nyinyi mna nyasi na upepo.) Nilimwambia mama: hapa ng'ombe mgeni ana lango lake barabarani. Hakucheka.

Kwa wasomaji wangu wa Kenya, ambao wakisikia kaunti hufikiria gavana, bunge lake na msafara wa magari, ni lazima niseme kwamba hapa mambo ni madogo zaidi. Kansas peke yake ina kaunti 105. Ya Chase ina ardhi ya kutosha, kama kilomita za mraba 2,000, lakini sensa ya 2020 ilikuta watu 2,572 tu. Zipo shule za msingi Dar es Salaam zenye watoto wengi kuliko hao. Hakuna gavana. Kuna makamishna wachache wanaochaguliwa, karani, mweka hazina, msajili wa hati za ardhi, mwendesha mashtaka na sherifu, yaani mkuu wa polisi na jela ya kaunti, wote wa kupigiwa kura. Mtu anaweza kukutana nao wote dukani siku moja. Makao makuu, Cottonwood Falls, yana watu 851.

Na katika mji huo wa watu 851 kuna jumba ambalo lingeheshimiwa hata katika mji mkuu. Linaonekana kabla ya mji wenyewe: paa jekundu lenye miteremko mikali, mnara, na saa. Barabara ya Broadway, iliyotandikwa matofali, inakwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwake na kuishia hapo, kana kwamba mji mzima ni kibaraza cha nyumba hiyo. Mawe yake ni ya chokaa ya hapohapo. Mchoro ni wa John G. Haskell, aliyeshiriki pia kujenga makao ya serikali ya jimbo kule Topeka. Ndilo jumba kongwe zaidi la mahakama ya kaunti ambalo bado linatumika katika Kansas yote.

Mimi nimekulia kati ya nyumba za mawe, na jiwe zuri halinishangazi haraka. Kilichonishangaza ni hesabu. Sensa ya 1870 ilikuta kaunti yenu haijafikisha watu 2,000. Watu hao, wengi wao wakiwa wamefika juzi na jana, wakiishi kwenye vibanda vya mbao, walikubali kutumia zaidi ya dola 40,000 kujenga jumba la ghorofa tatu lenye ngazi ya kuzunguka iliyochongwa kwa mbao nyeusi za miti ya kando ya mto wenu. Mnajua wenyewe dola 40,000 ilikuwa nini wakati ule. Kwa watu wangapi? Kwa watu ambao hawajafika. Hakuna maelezo mengine. Walijenga nyumba kubwa kuliko mahitaji yao kwa sababu walitarajia wageni, na wageni walikuja: mwaka 1900 mlikuwa zaidi ya 8,000. Kisha vijana wakaanza kuondoka, hadi mkafika mlipo. Nyumba ikabaki na nafasi.

Mwaka ule jumba lilipokamilika, 1873, unanisumbua kidogo, na naomba ruhusa ya kukaa juu yake. Mwezi Mei alifariki Salmon P. Chase, ambaye kaunti yenu ina jina lake. Mwezi Juni watu wa Kaw, wenyeji wa asili waitwao pia Kansa, ambao jimbo zima lina jina lao, waliondolewa katika eneo lao la Council Grove, kaunti ya jirani yenu upande wa kaskazini, wakapelekwa kusini katika nchi ambayo sasa ni Oklahoma. Mwezi Oktoba nyinyi mkafungua jumba. Sisemi wazee wenu wa Cottonwood Falls ndio waliowasukuma Wakaw. Nasema tu kwamba ndani ya miezi sita watu waliokuwapo walitolewa, na nyumba ya kuwaandikisha waliokuja ikafunguliwa. Vitabu vya msajili vilianza kujaa.

Huyo Chase nilidhani ni jina la mwanasiasa fulani tu, mpaka nilipomsoma. Alikuwa gavana wa Ohio, akawa waziri wa fedha wa Lincoln, akafa akiwa Jaji Mkuu wa Marekani. Lakini kabla ya makubwa hayo alikuwa wakili kijana Cincinnati. Mwaka 1837 alisimama mahakamani kumtetea Matilda, mwanamke aliyetoroka utumwa akakamatwa. Alishindwa. Matilda alirudishwa, akapelekwa kusini kwa meli. Chase aliendelea kuchukua kesi za aina hiyo, akizidi kushindwa, hadi watu wakambandika jina la mwanasheria mkuu wa watumwa watoro. Walimwita hivyo kumkejeli, na yeye akalipokea kama cheo. Sifananishi utumwa na kesi ya uhamiaji. Ila kaunti yenye jela iliyojaa watu waliokamatwa kwa kuwa mahali ambapo sheria inasema hawapaswi kuwapo, na yenye jina la mtu huyo, ina jambo la kufikiri inapoandika anwani yake.

Turudi Aprili. Nilikosea hesabu ya muda, tukafika mapema mno. Kulikuwa na baridi ile yenu ya upepo. Nikamwambia mama tuingie jumba la mahakama, kwa kuwa liko wazi kwa kila mtu, jambo ambalo kwake lilikuwa geni: alitaka kujua kwanza tutaomba ruhusa kwa nani. Tulipanda ngazi polepole. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye mbao, akasema fundi huyu alikuwa na mkono. Tukafika juu, kwenye lile dirisha la mviringo chini ya saa, ambapo Broadway yote inaonekana kama zulia. Halafu tukakuta chumba cha zamani cha mahabusu. Mnakijua: vyuma, kuta tupu, kilichotumika hadi miaka ya 1970 na sasa wageni hukitazama.

Mama alishika vyuma kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, “Njo hapa balimufunga?”

Nikamwambia hapana mama, hiki ni cha kale, cha maonyesho. Mwanao yuko jengo jingine, jipya, mwendo mfupi kwa miguu. Akauliza, sasa hakimu wake ndiye mwenye kiti kile tulichokipita kwenye ukumbi? Nikamwambia hapana. Hakimu wa kiti kile ni wa mahakama ya jimbo, anahukumu mambo ya watu wa hapa, na kesi ya mwanao haimhusu. Hakimu wa uhamiaji yuko Kansas City, karibu kilomita 200, na mara nyingi mshitakiwa humwona kwenye skrini. Nikajirekebisha, maana neno mshitakiwa lilinitoka bure. Kesi ya uhamiaji si ya jinai, ni ya madai, ndiyo maana serikali haikupi wakili usipoweza kumlipa. Mama akaniuliza swali ambalo sikuwa na tafsiri yake kwa upande wowote: kama si mhalifu, na hakimu hayuko hapa, na nyumba hii si ya kesi yake, kwa nini yeye yuko hapa?

Jibu la kweli, Waheshimiwa, ni vitanda. Kwa miaka mingi kaunti yenu imekuwa ikikodisha nafasi jela kwa serikali kuu, nayo hulipa kwa kila mtu kwa kila siku. Wapo wanaowalaumu kwa hilo na wapo wanaowatetea, na hoja za pande zote nimezisikia. Kaunti iliyobaki na watu 2,572 na kilomita za mraba 2,000 zenye barabara, madaraja na majengo ya kutunza hupata kodi wapi? Nyasi haitozwi kama viwanda. Naelewa. Kwetu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi wageni wamekuja, na mwenyeji amepona.

Mtaniambia uhamiaji ni mambo ya Washington na jela ni ya sherifu. Ni kweli. Sherifu ana kura zake mwenyewe na taratibu zake, na sitaki kuwaingiza katika mamlaka yasiyo yenu. Lakini bajeti mnaipitisha nyinyi, na jumba la mahakama ni lenu. Mwenye nyumba ya kupangisha anaweza kusema hajui mpangaji anafanya kazi gani. Hawezi kusema hajui kama kisima kina maji.

Ndiyo maana naomba benchi. Siombi jela ifungwe, ingawa mkinialika kwa chai nitawaambia ninavyofikiri. Naomba mama kama yule, akifika Cottonwood Falls na mapema yake na baridi yake, aone mahali palipoandikwa kwa lugha yake: kaa hapa, soma hiki.

Na karatasi iseme nini? Iseme mambo ambayo mimi hulipwa kuyarudia, na ambayo familia nyingi huyajua wiki mbili baada ya wakati wake. Kwamba kumtafuta mtu kwenye orodha ya intaneti ya ICE kunahitaji namba yake ya A, ile ya usajili wa wageni, au jina lake kamili, pamoja na nchi aliyozaliwa, na kwamba nchi aliyozaliwa maana yake ni ile iliyoandikwa kwenye kadi, hata kama moyo unasema vingine. Hapa ndipo watu wangu wanapopotelea. Vijana wengi wa Kikongo walio Kansas walizaliwa Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa 1996. Wazazi wanamwita Mkongo, yeye mwenyewe anajiita Mkongo, wanaandika Kongo, na mashine inajibu hakuna mtu kama huyo. Nimekaa na baba mmoja aliyeamini kwa siku tatu kwamba mwanawe amekwisha kurudishwa, au amekufa, kumbe tulitakiwa kuandika Tanzania.

Iseme pia kwamba jela ni ya kaunti na masharti ya kutembelea ni ya sherifu, hivyo mtu apige simu kabla hajatoka nyumbani, na namba ya kupiga iwe hapo. Kwamba hakimu hayumo katika jumba hili. Kwamba mbele ya hakimu wa uhamiaji mkalimani hutolewa na mahakama bila malipo, kwa hiyo mtu asijikaze kujibu kwa Kiingereza cha sokoni eti asionekane mshamba. Na kwamba mtu wa Uvira anaweza kusema wazi kwamba Kiswahili cha mkalimani wa Mombasa kinampita. Hilo la mwisho linanihusu mimi, maana neno langu la pwani limewahi kumchanganya mtu mbele ya ofisa, na aliyeonekana mwongo ni yeye. Ukurasa mmoja unatosha. Tafsiri ya Kiswahili nitaifanya mwenyewe bure, na nitaifanya na Mkongo pembeni yangu.

Kuhusu gharama nina neno moja. Sheria ya Kansas ya kumbukumbu za wazi inampa mtu yeyote haki ya kuomba nyaraka za serikali na kujibiwa ndani ya siku tatu za kazi, na najua ningeweza kuomba hesabu za vitanda kwa njia hiyo. Sitaki tuanze hivyo. Naomba nyinyi wenyewe mbandike kwenye ukuta ulio juu ya benchi, kwa tarakimu kubwa, kiasi ambacho jela iliingiza mwaka uliopita kutoka serikali kuu na kilikokwenda. Mkulima wa Matfield Green atakisoma akija kulipa kodi ya ardhi, na mama wa Uvira atakisoma akisubiri saa ya kumwona mwanawe. Bei ya benchi na ya kuchapa karatasi itolewe kwenye fungu hilohilo. Sidhani itaonekana.

Najua kuna watakaosema jumba lile ni urithi, limo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, halifai kuwa chumba cha kusubiria. Hao ndio ninaowaogopa kuliko wapinzani wa wageni. Jumba la mahakama likibaki la kupigwa picha tu litakuwa kama kile chumba cha vyuma cha juu, kitu ambacho mtu hukishika na kuuliza kama kuna aliye ndani. Waliolijenga walikuwa hawajatimia 2,000, na hawakuweka kipimo cha nani atakayepanda ngazi zile. Mbao zimelainika kwa viganja vya watu waliokuja kuandikisha ndoa, kushtakiana kwa sababu ya uzio, kulipa kodi kwa kuchelewa, kumlilia mtu. Kiganja cha mama yule kimo humo sasa, na hakikuharibu kitu.

Siku ile saa ya juu ilipogonga tulitoka, tukatembea hadi jela. Sikuruhusiwa kuingia naye, kwa kuwa sikuwa ndugu, na hilo ni sawa. Nilirudi nikakaa kwenye ngazi za nje za jumba lenu, nikitazama Broadway, gari moja likipita kila baada ya muda mrefu, kila dereva akiinua vidole viwili kwenye usukani kunisalimu bila kunijua. Nami nilianza kuwainulia mkono. Kwa hiyo najua salamu mnazo.

Nitakuja kwenye kikao chenu cha hadhara nikiwa na nakala kwa kila mmoja wenu, na mama yule amesema atakuja nami akipata ruhusa kazini. Tukifika mapema tena, mtatukuta ngazini.

Wenu kwa heshima,

Mkalimani wa Kiswahili,
Wichita, Kansas